Chuma Hakijakatika

Kwa miaka 27 niliwafundisha watoto wa watu uongo mmoja, na kila mwisho wa mwezi nikalipwa mshahara kwa kazi hiyo. Niliandika ubaoni kwamba maada iko katika hali tatu. Kimiminika hufuata umbo la chombo, gesi hujaza chombo chote, na yabisi ina umbo lake ambalo halibadiliki mpaka ivunjwe. Watoto walinakili, wakakariri, wakafaulu. Nami nikafuta ubao kwa amani, nikaenda zangu kunywa chai.

Nasema uongo, sisemi kosa, kwa sababu kosa hufanywa na asiyejua. Mimi nilikuwa na kila nafasi ya kujua. Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi ufukweni, kule Liuli, kwenye jabali ambalo Wajerumani walilifananisha na sanamu la Misri lenye mwili wa simba, wakauita mji Sphinxhafen. Niliwaeleza habari za Agosti 1914, jinsi meli ya Waingereza Gwendolen ilivyovuka ziwa na kuipiga mizinga Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, hata watu wakasema ndivyo vita vya majini vya kwanza katika Vita Kuu vilivyopiganwa. Wavulana walifurahi kusikia mizinga. Lakini msichana mmoja alikuwa ameinama kwenye jiwe lingine pembeni, jiwe la mistari myeupe na myeusi kama pundamilia, na mistari hiyo ilikuwa imejikunja na kujirudia kama unga wa chapati uliosokotwa. Akaniuliza, "Mwalimu, kama yabisi haibadiliki umbo, jiwe hili lilikunjwaje bila kuvunjika?"

Nikamjibu kwamba liliyeyuka. Huo ukawa uongo wa pili, nao ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza kwa kuwa niliubuni pale pale ili nisionekane sijui. Jiwe likiyeyuka, mistari huchanganyika kama maziwa ndani ya chai. Mistari ile ilikuwa bado imepangwa, mweupe pembeni ya mweusi. Yule mtoto aliona jambo hilo. Aliniangalia kwa adabu, akanyamaza.

Sasa nitaeleza kwa nini uongo huu si suala la darasani tu.

Katika kijiji kimoja cha mwambao, ambacho sitakitaja kwa sababu watu wake bado ni rafiki zangu, kulikuwa na mnara wa tangi la maji. Nguzo nne za chuma, juu yake boriti mbili za chuma zenye urefu wa mita tatu, na juu ya boriti tangi la plastiki la lita 2,000. Mwaka 2014 kamati iliona watu wameongezeka, ikaliondoa tangi lile na kupandisha la lita 5,000. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo boriti zilizozoea kubeba tani mbili sasa zilipewa tano. Boriti hazikubadilishwa. Hata kutu haikukwanguliwa.

Nilikuwa nimestaafu na kuhamia huko kwa wakwe, na kwa kuwa mstaafu ana macho mengi na kazi chache, niliona boriti zimelegea katikati. Nikaazima uzi wa fundi, tukaufunga ncha hadi ncha. Tangi likiwa limejaa, boriti ilikuwa imeshuka sentimita 4. Hilo peke yake si ajabu. Kila chuma hushuka kikibebeshwa, kama ubao wa daraja la miguu unavyobonyea ukipita na kurudi ukishavuka. Basi nikasubiri siku ya kuosha tangi, nikapima likiwa tupu. Boriti haikurudi yote. Sentimita 1 na nusu ilibaki imeshuka, bila tone la maji juu yake.

Msomaji, hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kuna kupinda kwa manati na kuna kupinda kwa jembe. Manati ukiiachia hurudi ilivyokuwa. Jembe ulilogonga kwenye mzizi halirudi. Limepata umbo jipya, nalo bado ni jembe zima, halina ufa hata mmoja. Kila chuma kina kiwango chake cha mkazo. Chini ya kiwango hicho ni manati, juu yake ni jembe. Boriti yetu ilikuwa imevuka, na ilikuwa inatueleza hivyo kwa sentimita 1 na nusu.

Nikaenda kwenye kamati.

"Mwalimu," mwenyekiti akaniuliza, "chuma kimekatika?"

"Hakijakatika, Mzee."

"Kina ufa?"

"Hakina."

"Sasa unatutisha nini?"

Wakacheka, nami nikacheka nao. Nilikuwa mwalimu wa nusu ya watu waliokaa pale. Yabisi haibadiliki mpaka ivunjwe: walikuwa wanarudia somo langu neno kwa neno.

Nilirudi nyumbani na aibu yangu, nikaanza kusoma mambo ambayo ningeyasoma miaka thelathini kabla. Chuma, kumbe, si kitu kimoja kilichoshikamana. Ni chembechembe nyingi za fuwele, na ndani ya kila moja atomi zimejipanga safu kwa safu kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Wataalamu walipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa kusukuma safu nzima iteleze juu ya nyingine, wakapata nguvu kubwa mno, kubwa mara nyingi kuliko ile inayopinda chuma kwa kweli. Chuma kilikuwa laini kuliko hesabu. Jibu lilitolewa mwaka 1934 na watu watatu, kila mmoja peke yake: Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi. Safu haitelezi yote kwa pamoja. Mwanamke yeyote aliyewahi kusogeza jamvi zito angeweza kuwaeleza. Ukilivuta jamvi lote utatoka jasho. Lakini ukifanya mkunjo mdogo ukingoni na kuusukuma kwa mguu mpaka upande wa pili, jamvi lote limesogea na wewe hujachoka. Ndani ya fuwele kuna kasoro ndogo kama mkunjo huo, na zikitembea, chuma kinabadilika umbo huku kila atomi ikiwa imeshikana na jirani yake. Hakuna ufa kwa sababu hakuna kilichoachana.

Na mawe je? Mawe ni hivyo hivyo, ila yanataka masharti. Jiwe la juu ya ardhi, baridi na bila kitu cha kulibana, ukilipiga nyundo linapasuka, na ndiyo maana tunaamini mawe hayapindi. Lakini mwaka 1901 Frank Dawson Adams na John Nicolson kule Montreal, Kanada, walitangaza majaribio yao ya marumaru. Walitia vipande vya marumaru ya Carrara ndani ya mirija minene ya chuma, wakavigandamiza polepole huku vimebanwa pande zote. Marumaru ilivimba kiunoni kama pipa, ikabaki jiwe zima. Mwaka 1911 Theodore von Kármán alirudia kazi ya namna hiyo Ujerumani kwa vipimo vya makini zaidi, akaonyesha kwamba jiwe lile lile likibanwa kidogo huvunjika, likibanwa sana hupinda.

Sasa chukua jiwe la yule msichana. Wanajiolojia huliita naisi. Ukishuka ardhini, joto huongezeka kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Ikifika kama nyuzi 300, kwatzi, ile madini nyeupe ing'aayo kama kioo, huanza kutembea kwa mikunjo ya jamvi ingawa bado ni yabisi kabisa na iko mbali na kuyeyuka. Feldispa hufuata kwenye joto kubwa zaidi. Jiwe la Liuli lilikunjwa chini ya kilomita nyingi za milima ya kale, kwa mwendo ambao hakuna jicho lingeuona, na mvua na mito ya miaka isiyohesabika ikaikwangua milima hiyo hadi jiwe likatokea juani, limepoa, limekuwa gumu, limebeba mikunjo yake yote. Watu huja kulipiga picha lile jabali la simba na kuulizia mizinga ya 1914. Mizinga ilidumu dakika chache.

Na haya hayajaisha. Ziwa lenyewe ni bonde la ufa. Kina chake kinafika kama mita 700, na kwa kuwa uso wa maji uko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, sakafu yake imeshuka chini ya usawa wa bahari ya Hindi. Milima ya Livingstone imesimama kando kama ukuta. Pande mbili za bonde hili zinaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ukucha wako unakua haraka kuliko hapo mara kumi. Chini kabisa mwamba wa moto unavutika bila kelele, na juu mwamba wa baridi unajipinda kama manati, unajipinda, mpaka siku unafyatuka. Desemba 2009 ulifyatuka upande wa Karonga, Malawi, siku baada ya siku, mitetemeko mikubwa ikikaribia na kufikia kipimo cha 6, nyumba zikaanguka, watu wakafa. Watu walisema ardhi imetikisika ghafla. Kufyatuka ndiko kulikokuwa kwa ghafla. Kuvutika kulikuwa kazi ya maelfu ya miaka.

Nimesema masharti ya jiwe ni joto na kubanwa. Liko la tatu, nalo ni muda. Chukua donge la lami iliyopoa ulipige nyundo: linapasuka kama chupa. Kisha nenda mahali popote ambapo malori mazito hupanda mlima taratibu, siku ya jua, uangalie lami ile ile ilivyolala chini ya magurudumu na kuinuka pembeni kama matuta ya viazi. Wakulima wa Kimatengo, wanaochimba ngoro kwenye miteremko ya Mbinga tangu enzi za mababu, hawahitaji kuelezwa. Mzee mmoja kule Litembo aliniambia mti wa mteremkoni uliopinda kiunoni ni udongo ndio uliousukuma ukiwa mche, nao mti ukawa unajinyoosha kila mwaka kuelekea juu. Alikuwa anasoma mwendo wa mlima kwenye mti. Mimi nilikuwa na stashahada.

Turudi kwenye tangi. Mwaka wa pili nilipima tena likiwa tupu: sentimita 3. Kutu ilikuwa inakula chuma, na chuma kilichobaki kilikuwa kinabeba zaidi ya kiwango chake kila tangi lilipojazwa. Safari hii kamati haikucheka, kwa sababu sasa hata mpita njia aliona. Wakaita fundi. Fundi akasema dawa ni rahisi. Wakaliteremsha tangi, wakazigeuza boriti juu chini, chini juu, kama mtu anavyogeuza godoro. Pale palipokuwa pamebonyea pakawa nundu. Wakapandisha tangi, wakajaza maji, na uzito ukaishusha nundu mpaka boriti ikawa sawasawa na uzi. Imenyooka! Walinipigia makofi mimi, ati ndiye niliyeleta uzi. Fundi akalipwa, soda zikanywewa.

Ndugu msomaji, hapa ndipo elimu nusu inapoua kuliko ujinga mtupu. Johann Bauschinger wa Munich alikwisha onyesha katika miaka ya 1880 kwamba chuma kilichopindwa upande mmoja kupita kiwango chake, ukikisukuma upande wa pili, hukubali kupinda mapema zaidi, kwa nguvu ndogo kuliko ile ya kwanza. Mikunjo ya jamvi iliyosukumwa na kusongamana upande mmoja ni rahisi kuirudisha ilikotoka. Waliogeuza boriti hawakuifanya mpya. Waliitafutia upande wake dhaifu, kisha wakaiwekea tani tano.

Nilisubiri siku ya kuosha tangi. Likiwa tupu, nundu ya sentimita 3 ilikuwa imebaki 1. Ile iliyoitwa kunyooka ilikuwa ni kupinda tu, kwa kuelekea upande mwingine, na ilipopita kwenye usawa wa uzi wakaishangilia kama treni inayopita kituoni bila kusimama. Nikawaambia. Mwenyekiti akaniuliza lile lile: "Kimekatika, Mwalimu?" Nikasema hakijakatika. Nikaenda nyumbani. Na hili naliandika ili lisomwe: nilikwenda nyumbani. Sikwenda wilayani. Sikuandika barua wala sikusimama pale kisimani kuwafukuza kina mama. Nilikuwa nimetimiza wajibu wa kusema, na wazee wenye heshima zao walikuwa wamenijibu.

Lilianguka asubuhi ya Jumapili, limejaa, foleni ya ndoo iko chini. Mama mmoja muuza dagaa alivunjika mguu mara mbili, na mguu ule haukurudi kuwa mguu wa kuchuuza. Leo anauza akiwa ameketi, wateja wakimfuata wakitaka. Wengine walipona kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kulia wakasogea kumwangalia.

Nilikwenda kuiangalia boriti. Haikukatika. Hata siku ile haikukatika! Ilipinda mpaka ncha yake ikachomoka kwenye kiti chake juu ya nguzo, ikashuka na mzigo wake. Ilikuwa imelala pale mchangani imekunjamana, nzima, haina ufa wa kuingiza kisu. Ningeweza kumwita mwenyekiti tukaikagua pamoja, na kwa maneno yake angekuwa bado yuko sahihi.

Kikao cha kijiji kikaandika: tangi lilianguka ghafla. Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Miaka miwili ya sentimita, zilizopimwa na kuandikwa, ikaitwa ghafla. Kila mahali nasikia neno hilo. Jengo limeporomoka ghafla, daraja limekatika ghafla, na mara nyingi linafuatwa na kazi ya Mungu haina makosa. Mungu alikuwa ameweka ndani ya chuma adabu ya kuinama kabla ya kuanguka. Kioo hakina adabu hiyo, wala chungu. Vinakaa kimya mpaka dakika ya mwisho. Wahandisi huchagua chuma kwa sababu hiyo hiyo, kwamba kina muda mrefu kati ya kuelemewa na kuachia, na muda huo ni wetu sisi wa kuwaondoa watu. Wahunzi wa Kipangwa kule Ludewa, waliosifika kwa kufua chuma kabla hatujaletewa cha meli, walijua chuma kilichochoshwa kwa kupigwa baridi hurudishwa motoni kipumzike kabla ya kupigwa tena. Sisi tukageuza godoro.

Hata methali yetu tunaitumia vibaya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali njema kwa ukuta wa udongo, ambao haupindi. Lakini imetuzoesha kuukagua ulimwengu kwa kutafuta nyufa tu, na pasipo na ufa tukasema pako salama. Kwa chuma, na kwa mlima pia, ufa unaweza kuwa habari ya mwisho, na kwa boriti ile haukuja kabisa.

Najua nitakavyojibiwa. Nimeshajibiwa: "Mwalimu, kila kitu kinapinda kidogo; tukikimbia kila kilichopinda tutalala porini." Kweli, kila kitu kinapinda. Paa la nyumba yangu limebonyea nami nalala chini yake. Sikuwaomba wakimbie kila kilichopinda. Niliomba jambo moja lisilogharimu shilingi: kipimwe kikiwa na mzigo, kipimwe mzigo ukiwa umetolewa, na tofauti iandikwe ukutani kwa tarehe. Kikirudi, tulale. Kisiporudi, na mwaka unaofuata kisirudi zaidi, basi hakuna haja ya kubishana kama kimekatika. Umaskini si jibu hapa. Waliokuwa na fedha za kununua tangi la lita 5,000 hawakukosa fedha za uzi.

Na walimu wenzangu mnaoendelea kuandika ubaoni kwamba yabisi ina umbo lisilobadilika, mko wangapi ambao shule zenu ziko hatua chache kutoka kwenye jiwe la pundamilia? Watoeni nje. Mpeni mtoto kipande cha waya akipinde mbele na nyuma. Atausikia ukipata joto vidoleni, atausikia ukiwa mgumu, na utakapokatika atakuwa amejua ni mara ya ngapi. Yule msichana wangu nimesikia ni mama wa watoto, yuko Songea. Sijawahi kumtafuta kumwambia kwamba halikuyeyuka.

Mnara mpya umejengwa, boriti ni nene, na wilaya sasa ni Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, kwa hiyo ofisi ziko karibu zaidi kuliko zilivyokuwa zamani. Mwezi uliopita nilipita pale siku ya kuosha tangi. Mwenyekiti, ambaye si yule wa zamani, aliniona natoa uzi mfukoni, akaniuliza kama kuna kitu kimeharibika. Nikamwambia sijui bado, ashike ncha ya pili.